Taa ya Ngazini

Kaka yangu tulimwita Fyuzi tangu akiwa darasa la tatu, na aliyempa jina hilo ni Mama. Alikuwa na hasira za kuwaka ghafla na kukatika ghafla. Atapiga kelele, atatupa daftari ukutani, kisha dakika mbili baadaye yuko jikoni anaomba ukoko wa sufuria kana kwamba hakuna kilichotokea. "Huyu mtoto ni fyuzi," Mama alisema. "Akiungua unabadilisha, maisha yanaendelea." Alipokua akasomea umeme, akaajiriwa kuwa fundi wa jengo la ofisi lenye ghorofa tisa, na zile hasira zikamwisha kabisa. Akawa mpole kuliko sisi sote. Jina likabaki.

Nyumba yetu ni nyembamba, ya ghorofa moja, imebanwa katikati ya nyumba mbili za majirani, kwa hiyo madirisha yako mbele na nyuma tu. Ngazi ziko katikati. Ni vidato kumi na vinne vya saruji, ukuta huku na ukuta huku, na hata mchana wa jua kali pale ni giza. Juu kuna chumba changu na chumba ambamo Mama alishonea sare za shule. Chini ni sebule, jiko na chumba cha kulala cha Mama na Baba. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sikuolewa, nikabaki nao. Baba alikuwa amestaafu kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kila asubuhi alisoma gazeti akiwa na kalamu nyekundu mkononi, anazungushia makosa. Mama alimwita Bwana Herufi.

Bwana Herufi alikuwa na ugomvi na taa. Umeme ulikuwa unatuishia kabla ya mwezi kwisha, naye akaamua kwamba tatizo ni sisi. Alikuwa anatembea nyuma yetu anazima. Unaoga, una povu usoni, unasikia swichi, ta!, giza.

"Bwana Herufi, nipo humu!" Mama angepiga kelele.

"Nilidhani umeshatoka."

"Nimetoka na maji yanamwagika yenyewe?"

Na kila mara alikuwa na neno lake moja: "Mchana taa ya nini?" Tulilisikia hadi tukawa tunalisema pamoja naye, kama watoto wanaoitikia darasani.

Ndipo Jumapili moja Fyuzi akaja na boksi la balbu za kubana umeme. Wakati ule zilikuwa bado zile za mirija myeupe iliyojisokota. Alikuja peke yake, mkewe alikuwa kazini, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta dawa.

"Baba atapumzika," alituambia, "na nyie mtapumzika na Baba."

Alianzia sebuleni, akaenda jikoni, akapanda juu. Mama alimfuata kila chumba, anamshikia ngazi ya mbao, anampa bisibisi hata pale ambapo hakuna kitu cha kufungua. Kwenye chumba cha cherehani, mwanga mweupe ulipowaka, alinyoosha mikono akaitazama kwa mshangao.

"Eh! Kumbe nina madoa yote haya? Mwanangu, umeniletea taa au kioo?"

Balbu moja ya zamani aliichukua, akaitumbukiza ndani ya soksi ya Baba iliyotoboka kisigino, akaanza kuishona palepale. Kitambaa kilikaa vizuri juu ya ile duara ya kioo. "Na wewe umestaafu," aliiambia balbu. "Hamia upande wa soksi."

Ya ngazini ilikuwa ya mwisho. Nilipobonyeza swichi ya juu, kwa muda kidogo hatukuona kitu. Kisha ukatokea mwanga hafifu, kama wa simu iliyofunikwa na leso, ukawa unapanda polepole.

"Hii imelala?" Mama aliuliza.

"Inapasha moto kwanza. Aina hii inaanza na mwanga mdogo, halafu inakolea."

"Inakolea lini? Mimi nitakuwa nimeshafika chini."

Tulicheka wote, hata Baba aliyekuwa chini anatusikiliza. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya kawaida, bila utani: "Fyuzi, ya ngazi niachie ile ya zamani."

Fyuzi alikuwa bado juu ya ngazi ya mbao, balbu ya zamani ikiwa mkononi, imeviringwa kitambaa kwa sababu ilikuwa ya moto. "Mama, hii ndiyo inayowashwa kuliko zote. Tukiiacha hii, kazi yangu yote ni bure. Utazoea tu."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na mimi nilikuwepo.

Na kweli alizoea, au mimi niliona kwamba amezoea. Asubuhi nikiwa chumbani kwangu navaa viatu, nilimsikia anabonyeza swichi, anasimama, anaiambia balbu: "Haya bibie, amka, watu wana kazi." Akisubiri, anaimba kidogo puani. Kisha viatu vyake vinashuka. Umeme nao ukaanza kufika mwisho wa mwezi, Baba akawa anatutangazia namba za kwenye mita wakati wa chai kama anasoma matokeo ya mpira.

Ilipita miezi miwili. Alhamisi moja, saa kumi alasiri, nilikuwa shuleni nasahihisha madaftari mwalimu mkuu aliponiita ofisini kwake kupokea simu. Alikuwa jirani yetu wa kushoto. "Mwalimu, njoo nyumbani. Mama ameanguka."

Mama alikuwa anashuka kwa sababu mzazi mmoja alikuja kuchukua sare. Nilimkuta amelala chini ya ngazi, kichwa kwenye mapaja ya Baba, sketi tatu za bluu zimetawanyika kwenye vidato. Kiatu chake kimoja kilikuwa bado juu, kidato cha nne kutoka juu, kimekaa wima kama mtu amekivua vizuri. Baba hakuwa analia. Alikuwa anamtengenezea Mama kola ya gauni, anailaza, anailaza tena.

"Msinishike huku," Mama alisema, akionyesha nyonga. "Kwingine kote ni kwenu."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimfanyia upasuaji siku ya tatu, na daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alituambia upasuaji umekwenda vizuri, ila kwa umri wake kazi sasa ni kumwamsha kitandani mapema. Mama aliwasimulia wagonjwa wenzake kwamba yeye amewekewa chuma, kwa hiyo wasimguse kukiwa na radi. Kwenye kitanda cha pembeni yake alikuwa bibi mmoja aliyevunjika mkono, na hadi mwisho wa wiki Mama alikuwa ameshampima kwa macho na kumwahidi kumshonea gauni lenye mkono mmoja mpana.

Fyuzi alikuja kila siku baada ya kazi, na kila siku alikaa upande wa miguuni. Hakuwa anamwangalia usoni. Jioni moja tulipokuwa watatu tu, alimuuliza.

"Mama, siku ile, taa ilikuwa imewaka?"

Mama alimtazama. Kisha akavuta shuka. "Usiniletee mambo ya kazi hospitali. Nipe maji."

Fyuzi alimpa maji. Mimi nilidhani Mama amechoka tu, anataka mazungumzo mengine. Fyuzi alichukua jibu lile akaenda nalo nyumbani.

Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, nilikuwa nimebeba gauni lake safi na taulo. Muuguzi alinisimamisha mlangoni. Alisema damu iliganda mguuni, ikapanda kwenye mapafu, na kwamba ilikuwa haraka. Aliendelea kuzungumza lakini mimi nilikuwa naangalia yule bibi wa mkono, aliyekuwa amekaa kitandani ameugeukia ukuta.

Tulimzika siku iliyofuata. Watu walipokuwa bado wamejaa uani, nilipanda ngazi kuchukua mikeka, nikamkuta Fyuzi amesimama kwenye ngazi ya mbao, amevaa suti, anafungua ile balbu. Aliitia mfukoni. Akaweka ya zamani, yenye nguvu kubwa, iliyomwaga mwanga wa manjano hadi chini sebuleni. Kisha akashuka. Tulibeba mikeka pamoja.

Baada ya hapo akawa haji kama zamani. Alipiga simu, alituma mboga na sabuni kupitia mkewe, lakini yeye mwenyewe alikuja kwa nadra. Siku chache alizokuja alikaa ukingoni mwa kiti na hakuvua viatu. Baba naye alikuwa amenyamaza. Gazeti lilikuja, alilisoma, lakini kalamu nyekundu ilikuwa imekauka wino na hakununua nyingine. Nilidhani wote wawili wanaomboleza, kila mtu kwa namna yake, nikawaacha. Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu. Nilikuwa nalala chumba cha jirani na cherehani iliyofunikwa shuka.

Miezi tisa ilipita hivyo. Kisha wifi yangu, mke wa Fyuzi, akanifuata shuleni wakati wa mapumziko. Ni mwanamke mcheshi, mwuza nguo za watoto, lakini siku ile hakusalimia hata.

"Wifi, kaka yako ananitisha."

"Amefanyaje?"

"Ana ubao. Ameupigilia holda na swichi, ameweka balbu. Ile ya mama yenu. Akirudi kazini anakaa nao chumbani, anawasha, anaangalia saa, anaandika. Anazima. Anasubiri ipoe, anawasha tena. Daftari zima, wifi. Nikamuuliza unatafuta nini. Akaniambia, sekunde arobaini na mbili hadi ikolee. Mama alikuwa anahitaji sekunde arobaini na mbili, na mimi nilimwambia atazoea." Alifuta uso kwa kiganja. "Na kazini ameomba wamtoe kwenye umeme. Sasa hivi anasimamia pampu za maji. Fundi mzuri kama yule, anaangalia pampu."

Jumamosi ile nilimwita nyumbani. Sikumbembeleza, nilimwambia nina jambo na Baba yupo. Alikuja na mkewe, lakini mkewe alibaki uani, akasema hayo ni ya kwenu. Tulikaa mezani, sisi watatu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu siku wifi aliponifuata, na yote yalinipotea. Nikasema tu, "Fyuzi, mwambie Baba ulichomwambia mkeo."

Fyuzi akasema, akiangalia meza: "Mimi ndiye niliyemuua Mama."

"Acha!" nilisema.

"Aliniomba niache ya zamani. Aliniomba kwa mdomo wake, wewe ulikuwepo. Nikamwambia atazoea. Nilitaka tu... nilitaka mita iende polepole." Alicheka kicheko kibaya. "Nilimuuliza hospitali. Hakutaka kunijibu. Alikuwa ananificha, asiniumize."

Nilimtazama Baba nikitarajia amkatalie, amwambie hapana mwanangu, ni ajali. Ndilo jambo nililomwitia pale. Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hakuwasha taa," alisema.

"Nani?" niliuliza.

"Mama yenu. Siku ile hakuwasha." Alinyoosha kidole upande wa ngazi. "Swichi ya juu ina mlio. Nyote mnaujua. Nilikuwa nimekaa hapahapa, redio nimeizima kwa sababu ya mgeni. Nilisikia mlango wa chumba cha cherehani, nikasikia viatu. Swichi sikuisikia."

Fyuzi aliinua uso.

"Nilimwita," Baba aliendelea. "Yule mzazi alikuwa ana haraka, amesimama pale mlangoni. Nilimwita mara ya kwanza, akasema anakuja. Mara ya pili, anakuja. Mara ya tatu nikapiga kelele, nikamwambia, au nije nikubebe? Akatoka mbio. Na hakuwasha taa kwa sababu ilikuwa mchana." Sauti yake ilikatika, akaitafuta. "Miaka thelathini na nane namwambia mchana taa ya nini. Hata ulipoleta hizo balbu zako, sikuacha. Nyinyi mlidhani nimeacha kwa sababu nilikuwa nafurahia mita. Nikiwa peke yangu naye nilikuwa namwambia vilevile. Kwa hiyo mchana alikuwa anashuka gizani. Asubuhi anawasha, kwa kuwa mwalimu huyu hapa yupo. Mchana hawashi. Hakutaka kunijibu tena."

Uani wifi yangu alikuwa anaongea na mtu kwenye simu, sauti ya chini. Nakumbuka nilitamani akate.

"Baba," Fyuzi alisema, "ulijua hivyo tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ya mazishi uliniona natoa balbu?"

"Nilikuona. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Na ukaelewa kwa nini naitoa."

Baba aliinama, akakubali kwa kichwa.

Fyuzi alisimama hadi kiti kikaanguka. Ile hasira ya utotoni ambayo hatukuwa tumeiona kwa miaka ishirini ilirudi yote kwa mara moja. "Miezi tisa, Baba! Miezi tisa unaniona nakonda, unaniona sili, unaniona siwezi kukanyaga hii nyumba, na una neno moja tu la kuniambia, na umelikalia!"

"Mwanangu..."

"Neno moja!"

"Ungenichukia," Baba alisema. "Yeye amekwenda. Nilikuwa nimebaki na nyinyi wawili tu."

Fyuzi alimtazama kama anajaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akatoka. Nilisikia mkewe anamuuliza kitu, kisha geti.

Baba na mimi tulibaki pale. Nilipaswa kumwonea huruma, na nilimwonea, lakini nilikuwa pia na hasira, nikashindwa kumgusa. Niliinua kiti, nikaosha vikombe ambavyo havikuwa na uchafu. Nilipogeuka, nilimkuta bado ameshika ukingo wa meza.

"Labda aliwasha," aliniambia. "Labda mimi ndiye sikusikia. Masikio yangu yamezeeka."

"Labda, Baba."

Sikuwahi kujua. Nimelifikiria sana, kama hesabu unayojua ina jibu lakini namba moja imefutika. Labda aliwasha na mwanga ulichelewa. Labda hakuwasha. Labda ni kiatu tu, au zile sketi tatu zilimziba macho. Yeye mwenyewe aliulizwa akaomba maji. Zamani niliamini alikuwa anamkinga Fyuzi. Siku hizi nafikiri huenda alikuwa anamkinga Baba.

Fyuzi hakuongea na Baba kwa miezi saba. Kwa mkewe nilisikia kwamba ule ubao ameuvunja, ameutupa, na kwamba sasa anakula, na analala usiku kucha. Ukweli ule ulimponya na kumjeruhi kwa wakati mmoja. Kazini alirudishwa kwenye umeme. Mimi nilibaki na Baba, ambaye sasa alikuwa anasahau kubadilisha shati, na ambaye taa za nyumba nzima aliziacha zikiwaka mchana na usiku. Nikizima, anawasha. Umeme ukawa unaisha katikati ya mwezi kama zamani, na hakuna aliyesema lolote.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, ikawa hawezi kuinama. Nilimwambia Fyuzi kwenye simu, bila kumwomba chochote. Nilimwambia tu kwamba Baba hawezi tena kufikia kucha zake, na mimi hataki nimkate, anaona aibu kwa binti yake.

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Hakupita ngazini, hakutazama juu. Alisema "Shikamoo, Baba," Baba akasema "Marahaba." Fyuzi akaniomba beseni la maji ya vuguvugu. Akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akauweka mguu wa kushoto wa Baba ndani ya maji. Mimi nilirudi mlangoni mwa jiko nikasimama pale, nakausha sahani moja.

Kwa muda mrefu kulikuwa na sauti ya mkasi tu. Kucha zilikuwa ngumu, alikuwa anazikata kidogokidogo, anapuliza, anapapasa kwa kidole kama anavyopapasa waya kabla ya kuukaza.

"Fyuzi," Baba alisema. "Umenisamehe?"

Kaka yangu hakuinua kichwa. Alimaliza kidole alichokuwa nacho, akaufuta mguu kwa taulo, katikati ya vidole, taratibu, akauweka chini.

"Bado, Baba," alisema. "Nipe na huo mwingine."

Baba akautoa mguu wa kulia kwenye kandambili, akauinua, akampa.